Mtaa Kabla ya Nyumba

Familia inayojiandaa kuhamia Bujumbura na mtoto wa miaka miwili au mitatu huanza, kwa kawaida, na maswali ya watu wazima. Kodi ni kiasi gani, na mwenye nyumba anataka faranga au dola? Umeme unakatika mara ngapi kwa wiki? Kazini ni Rohero au Ngagara? Ni maswali ya lazima na hakuna anayefaa kulaumiwa kwa kuyauliza. Tatizo ni kwamba majibu yake yote yanahusu mji, na mtoto wa umri huo haujui mji. Anaujua ua wa nyumba, njia inayopita mbele ya geti, duka la jirani, watoto wanne watano anaocheza nao, na mgongo wa mtu anayembeba kwenda kutibiwa. Hiyo ndiyo Bujumbura yake mpaka atakapoingia darasa la kwanza akiwa na miaka sita. Kutokana na hilo nashikilia kwamba kwa mwenye mtoto mdogo, kuchagua mtaa ni uamuzi mzito kuliko kuchagua nyumba, na mtaa unaofaa ni ule ambao kituo cha afya, maji, soko na chekechea vinafikika kwa miguu, mtoto akiwa mgongoni. Nyumba iliyo mbali na vitu hivyo ni mbaya kwake, hata ikiwa na bustani pana na roshani inayotazama ziwa.

Msomaji anayetoka Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuona hoja hii haina uzito mahali padogo kama Bujumbura. Sensa ya 2008 ilihesabu watu 497,166 katika mji huu. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 mwaka 2019, na mkoa wa Dar es Salaam 5,383,728 mwaka 2022. Bujumbura imekua sana tangu hesabu ile, lakini bado ni mji wa wastani, uliobanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima ya Mumirwa, na mtu aliyezoea foleni za Ubungo au za Barabara ya Thika atasema hapa hakuna mbali. Miaka michache iliyopita angekuwa sahihi. Ila tangu 2021 mafuta yamekuwa haba Burundi, kwa kuwa nchi haina fedha za kigeni za kutosha kuyaagiza, na mwaka 2024 na 2025 yalipita majuma ambayo vituo vya mafuta vilikauka kabisa. Kabla ya hapo, Machi 2022, serikali ilikwisha kupiga marufuku pikipiki, bajaji na baiskeli kuingia katikati ya mji. Matokeo huonekana jioni, ofisi zinapofungwa: mistari mirefu ya watu wakisubiri basi ambalo pengine halitakuja, na wengine wakikata shauri la kwenda kwa miguu mpaka Kanyosha, Musaga, Kamenge au Kinama. Kilomita saba zilizokuwa za dakika ishirini zimegeuka mwendo wa saa moja na nusu. Mtu mzima mwenye afya huuvumilia. Mtoto mwenye homa hawezi kuungoja.

Homa ndiyo kipimo cha kwanza cha mtaa wowote wa Bujumbura. Tangu Mei 2006 Burundi huwatibu bila malipo watoto wa chini ya miaka mitano, pamoja na akina mama wanaojifungua, katika vituo vya umma. Ni sera inayostahili heshima, na ilipotangazwa vituo vilifurika wagonjwa kwa kuwa kulikuwa na kiu ya muda mrefu. Lakini matibabu ya bure hayana maana kwa mtoto asiyefikishwa kwa wakati. Malaria ya mtoto haina subira: anaweza kulala mchana akiwa amechoka tu, jioni akawaka moto, usiku wa manane akaingia degedege. Wazazi wageni huulizia hospitali kubwa, na zipo: Prince Régent Charles, Kliniki ya Prince Louis Rwagasore, na Roi Khaled kule Kamenge. Ni vizuri kuzijua zilipo. Hata hivyo, anayemwona mtoto kwanza, akamtoboa kidole, akapima damu, akampa dozi au akaandika barua ya kumpeleka hospitali, ni muuguzi wa kituo kidogo cha mtaa. Kituo hicho kikiwa mwendo wa dakika kumi, mama atakwenda mapema, homa ikiwa bado changa. Kikiwa mbali, atasema tungoje kesho tuone. Neno hilo ndilo linaloua watoto, na halitokani na uzembe wa mzazi bali na hesabu ya nauli na umbali anayoifanya gizani. Mgeni aulize mapema, mtoto akiwa mzima, kituo kinataka nyaraka gani.

Wanaotoka nyanda za juu wana sababu ya ziada ya kulifikiria hili. Bujumbura iko chini, mita zipatazo 775 hadi 800 kutoka usawa wa bahari kwenye tambarare ya Imbo, na joto lake ni la kudumu. Nairobi, Bukavu na Gitega ziko juu zaidi, na mtoto aliyezaliwa huko huenda hajawahi kuumwa malaria hata mara moja. Wazazi hulitaja jambo hilo kwa furaha, na ni la kufurahia, ila maana yake ni kwamba mwili wake haujajifunza lolote kuhusu ugonjwa huo na anaingia mahali unapoambukiza mwaka mzima. Mwaka 2017 Burundi ilitangaza rasmi mlipuko wa malaria. Wenye uwezo hukimbilia Kiriri na vilima vya Gihosha, wakisema huko kuna upepo na mbu ni wachache, na kwa kiasi fulani wako sahihi. Lakini kilima kina bei yake nyingine. Kushuka kwenda sokoni na kupanda na mzigo na mtoto ni kazi, na baadhi ya viwanja vimekaribiwa na makorongo yanayoliwa na mvua mwaka hadi mwaka, hasa kando ya mto Ntahangwa, ambako kingo zimeporomoka na kuondoka na nyumba. Chandarua kinachotumiwa kila usiku katika mtaa wenye kituo cha afya cha karibu kinamlinda mtoto vizuri kuliko kilima kilichojitenga.

Baada ya homa, maji. Na hapa maji yana sura mbili, yanayokosekana na yanayozidi. Bomba la REGIDESO, shirika la maji na umeme, limefika mitaa mingi, lakini bomba kuwepo na maji kutoka ni mambo mawili. Katika mitaa inayokatiwa mara kwa mara, kuna nyumba ambazo mtu huamka saa nane za usiku kuzijaza bidoni kwa kuwa ndiyo saa pekee mfereji unapotiririka. Kwa familia yenye mtoto anayejisaidia kwenye nepi au chupi, maji ni afya, si starehe. Kipindupindu kilichotangazwa mwanzoni mwa Januari 2023 kilianzia mitaa na vitongoji vya tambarare hii ambako watu, mabomba yakikauka, huchota maji ziwani au mitoni. Upande wa pili ni mafuriko. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mvua iliteremsha mawe na tope kutoka milimani, ikavunja nyumba Kamenge, Kinama na mitaa jirani ya kaskazini, na zaidi ya watu 50 wakafa, wengi wao wakiwa wamelala. Aprili 2020 mto Ruzizi uliacha njia yake ukaizamisha Gatumba, na maelfu ya familia hazikupata tena pa kurudi. Ziwa lenyewe limekuwa likipanda, na mwaka 2024 lilikaribia kiwango cha juu kilichoandikwa mwaka 1964. Nyumba na hoteli za ufukweni zilizojengwa kwa mamilioni ziliingiliwa na maji vyumbani. Sheria ya maji ya 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ziwani. Madalali, ambao Bujumbura huitwa makomisiyoneri, hawaitaji sheria hiyo wanapomwonyesha mgeni nyumba ya Kibenga au Kajaga mwezi Julai, jua likiwaka na mchanga ukiwa mkavu.

Kuna namna ya kuisoma historia ya mvua bila kumtegemea dalali. Ukuta wa nje, hasa ule usiopakwa rangi karibuni, huhifadhi mstari wa tope: chini yake plasta ni ya kahawia na imevimba, juu yake imebaki kama ilivyokuwa. Mstari huo ukiwa chini ya kifundo cha mguu wa mtu mzima, hali si ya kutisha. Ukifika gotini, ujue ndipo kilipo kifua cha mtoto wa miaka miwili. Rangi mpya upande mmoja tu wa ukuta, kuanzia chini hadi kimo cha meza, nayo ni jibu. Kisha tazama mitaro: kama imejaa chupa za plastiki mwezi Agosti, mvua za Oktoba zitaikuta hivyohivyo. Na waulizwe majirani, hasa wanawake wanaouza mboga mlangoni, ambao hawana faida yoyote katika mkataba wako. Swali la kuwauliza ni jepesi: Aprili maji huishia wapi?

Mpaka hapa nimezungumzia hatari, na mtu anaweza kusema kwamba hatari huepukwa kwa fedha: gari, tangi la maji, jenereta, daktari wa kuitwa nyumbani. Lakini gari bila mafuta ni chuma, na jenereta hunywa mafuta hayohayo. Zaidi ya hapo, mtaa humpa mtoto kitu ambacho fedha haziwezi kukileta ndani ya geti. Ushahidi ulio imara kuhusu jambo hili unatoka mbali, Marekani, ambako kati ya 1994 na 1998 serikali iliendesha jaribio katika miji mitano, ikiwemo Baltimore, Boston na Chicago. Familia 4,604 zilizoishi katika majengo ya umma yenye umaskini mkubwa zilipigiwa kura. Baadhi zikapata hati ya kuwasaidia kupanga katika mitaa yenye umaskini mdogo, nyingine hazikupata. Kwa miaka mingi watafiti waliona mabadiliko madogo ya kipato kwa wazazi, na wengine wakaliona jaribio kama limeshindwa. Ndipo mwaka 2016 Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz wakachapisha hesabu za watoto waliokwisha kukua. Waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka 13 walikuwa wanapata kipato kilichozidi cha wenzao waliobaki kwa takriban asilimia 31. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakufaidika, na dalili zinaonyesha huenda walipoteza kidogo. Bujumbura si Chicago, na sidai kwamba namba hizo zinahamishika. Kinachohamishika ni mambo mawili: familia hizo zilibadili mtaa, si lazima mji, na kadiri mtoto alivyokuwa mdogo, ndivyo mtaa mpya ulivyomjenga zaidi.

Kwa upande wa Bujumbura, historia yake yenyewe inatosha kuonyesha mtaa unavyoweza kumlea mgeni. Buyenzi ilipimwa na utawala wa Wabelgiji kwa ajili ya Waswahili, yaani watu waliokuja kutoka Ujiji, Kongo na kwingineko, wasiokuwa na ukoo wala chifu katika Burundi. Njia zake zimenyooka na zimepewa namba, viwanja ni vidogo, na ua mmoja huwa na wapangaji kadhaa wanaotumia bomba moja. Wageni wale na watoto wao wakawa watu wa mji kamili, kiasi kwamba Mwanamfalme Louis Rwagasore alipokijenga chama cha UPRONA kuelekea uhuru alipata wafuasi wakubwa miongoni mwa Waswahili wa hapo. Wakati mitaa ya Bujumbura ilipogawanywa kikabila baada ya vita kuanza mwaka 1993, Buyenzi na Bwiza ndizo zilizobaki mchanganyiko kwa muda mrefu zaidi, mpaka zilipovamiwa Machi 1995. Ngagara, ambayo wazee bado huiita OCAF kwa jina la shirika la kikoloni lililoijenga miaka ya 1950, ina sura tofauti: nyumba zimepangwa kwa vitalu vyenye namba, na nafasi kati yake ni pana kuliko Buyenzi. Mitaa hii miwili haina hadhi ya Kinindo wala Kiriri, na mgeni mwenye mshahara wa shirika la kimataifa huambiwa haimfai. Ningemwomba aitazame saa kumi na moja jioni kabla ya kukubali. Ahesabu watoto walioko nje na watu wazima wanaowatupia jicho bila kulipwa.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu usalama, na si haki kulipita upesi. Mwaka 2015, baada ya kutangazwa kwamba Rais Pierre Nkurunziza angegombea muhula wa tatu, ni mitaa yenye mshikamano, kama Musaga, Nyakabiga, Cibitoke, Mutakura na Ngagara, iliyokuwa na vizuizi barabarani, risasi usiku na, Desemba ile, maiti asubuhi. Zaidi ya watu laki nne waliikimbia nchi katika miaka iliyofuata. Mzazi anayekumbuka hayo atasema: mtaa unaojuana ni mtaa unaoshukiwa, na ni heri kuishi nyuma ya ukuta mrefu mahali ambapo hakuna anayekujua. Naielewa hofu hiyo na siidharau. Hata hivyo, kutojulikana Bujumbura hakupatikani. Kila nyumba inatakiwa kuwa na daftari la wakaaji, lile linaloitwa kwa Kifaransa cahier de ménage, lenye majina ya wote wanaolala humo, na polisi wanaweza kufika alfajiri kulilinganisha na watu walioko. Mgeni ambaye jina la yaya wake halimo, au aliyefikiwa na shemeji kutoka Uvira bila kumwandikisha, huwa na asubuhi ngumu. Anayemfahamu mkuu wa nyumba kumi, aliyekwenda kujitambulisha wiki ya kwanza pamoja na mtoto wake, aliyeonekana kwenye kazi za pamoja za Jumamosi, anaye mtu wa kusema: huyu ni wetu, tunamjua. Hata siku za vurugu, taarifa ya kwamba leo usipite njia ile humfikia aliye na majirani. Ukuta mrefu huzuia jiwe; habari nazo huzizuia.

Wengine watapinga kwa upande wa shule. Shule zinazotajwa kuwa nzuri, zikiwemo ya Wafaransa na ya Wabelgiji, haziko katika kila mtaa, na wazazi wako tayari kumwamsha mtoto wa miaka minne saa kumi na moja alfajiri ili avuke mji. Kwa mtoto wa miaka kumi na miwili ningekubali. Kwa wa miaka minne sioni anachopata kinacholingana na saa mbili za barabara kila siku, tena katika mji ambao siku ya kukosa mafuta hakuna wa kumrudisha. Katika umri huo anahitaji kuimba, kuchora, kugombana na kupatana, kulala mchana, na mwalimu mwenye upole asiye na watoto sitini. Chekechea ya mtaani iliyo safi, yenye choo kinachofaa watoto na mwalimu asiyeshika fimbo, inatosha. Na mzazi aingie ndani akaone kwa macho, kwa sababu nyingi ni za binafsi na ubora wake hautabiriki kwa ada. Nyuma ya pingamizi hili kuna hofu ya lugha: kwamba mtoto akicheza mtaani atashika Kirundi, akachelewa Kifaransa na Kiingereza. Ukweli ni kwamba shule za Burundi huanza na Kirundi katika madarasa ya mwanzo, na Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili hufundishwa pia. Mtoto asiyejua Kirundi ndiye atakayekaa kimya darasani na uwanjani. Na kwa mtoto aliyekwisha kuzungumza Kiswahili, Kirundi ni lugha ndugu. Watoto wa Buyenzi huzungumza zote mbili tangu wadogo na hakuna aliyewahi kuona inawachanganya.

Kuna pia ushauri wa wazee, unaotolewa kwa nia njema: wazazi watangulie, mtoto abaki kwa bibi mpaka mambo yatulie. Katika Afrika Mashariki malezi ya bibi si jambo la kuonewa aibu, na mtoto ambaye tayari analelewa naye hana haraka ya kung'olewa. Lakini mtoto aliyezoea kulala na mama, akaachwa ghafla kwa miezi minane kijijini Kasulu au Makamba, anapata jeraha ambalo simu ya jioni hailiponyi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, London ilipokuwa ikipigwa mabomu, Anna Freud na Dorothy Burlingham waliwalea watoto wadogo waliotenganishwa na familia zao, wakaandika walichokiona: kutengwa na mama kuliwaumiza wadogo hao kuliko mabomu yenyewe, maadamu mabomu yaliwakuta wakiwa na mama. Kama bibi ana nguvu za kusafiri, aje naye Bujumbura kwa miezi ya mwanzo. Nauli yake itakuwa matumizi ya busara kuliko samani zote. Mtaa wenye wazee wenzake, msikiti au kanisa la karibu na benchi la kukaa jioni utamfaa yeye pia, na bibi hupata marafiki upesi kuliko wazazi walioko kazini.

Bibi asipokuja, atatafutwa yaya, na hapa sina budi kusema waziwazi. Wasichana wengi wanaoletwa Bujumbura kufanya kazi za ndani hutoka mikoa ya bara wakiwa wenyewe bado watoto, wameacha shule, hawana likizo, na mshahara wao hupitia mikononi mwa aliyewaleta. Kumkabidhi mtoto wa miaka miwili kwa mtoto wa miaka kumi na tatu ni kuwakosea wote wawili. Ajiriwe mwanamke mtu mzima wa mtaa huohuo, anayekuja asubuhi na kurudi kwake jioni, anayelipwa mkononi mwake. Atakuwa ghali zaidi. Lakini anazijua njia, anamjua muuguzi wa kituo, anajua ni ua upi una mbwa na ni mtaro upi usio na mfuniko, na ana majirani wanaomwona akiwa na mtoto wako barabarani. Mtu wa namna hiyo hapatikani kwenye mtaa wa majumba yaliyofungwa, kwa kuwa hakuna anayeweza kumudu kuishi karibu nayo.

Kuna wasomaji watakaosema kwamba haya yote ni mazungumzo ya wenye hiari. Februari 2025, Bukavu ilipotekwa na waasi wa M23, makumi ya maelfu ya Wakongo waliingia Burundi kwa kuvuka Ruzizi na kupitia Gatumba, wengi wakiwa na watoto migongoni, na hakuna aliyewauliza wanataka mtaa gani. Warundi wanaorudi kutoka kambi za Nyarugusu na Nduta nchini Tanzania tangu 2017 nao huja na mtoto aliyezaliwa kambini na vifurushi vichache. Ni kweli, hiari zao ni finyu. Lakini tazama wanachofanya wakishapata nafasi ndogo ya kuamua. Mkimbizi akishaandikishwa kwa ONPRA, ofisi ya serikali ya wakimbizi, na kuruhusiwa kukaa mjini, huenda anakomjua mtu: shangazi, mwenzake wa kanisani, mtu wa Fizi au wa Uvira aliyetangulia. Anakubali chumba kibovu ili awe na jirani mwema. Maskini huyu, ambaye kosa moja litamgharimu mtoto, anafanya hesabu ileile ninayoitetea, na anaifanya vizuri kuliko mtaalamu aliyepewa orodha ya nyumba zenye walinzi. Mashirika yanayohamisha wafanyakazi na familia zao yangefaa kujifunza kwake. Badala ya kulipa kodi ya nyumba iliyo mbali na kila kitu, walipe wiki mbili za mzazi kutembea mitaani kabla ya kusaini mkataba.

Na matembezi hayo yafanywe kama atakavyotembea yaya: kwa miguu, na mzigo wa kilo kumi na mbili mgongoni, saa sita mchana jua likiwa kali. Kutoka mlangoni hadi kituo cha afya, kutoka kituoni hadi soko la karibu, liwe Ruvumera, Jabe au la Kinindo, kuona kama ndagala na mboga zinapatikana bila kupanda gari, kisha hadi chekechea na kurudi. Mkataba wenyewe usiwe wa mwaka mzima kwa mara ya kwanza. Wenye nyumba hupenda kulipwa miezi mingi kwa mkupuo, lakini miezi mitatu inajadilika, na mtaa ukimkataa mtoto, uhame upesi kabla hajatia mizizi. Zaidi ya yote, uangalie kalenda. Mvua huzidi Machi na Aprili, kiangazi huanza Juni, na shule hufunguliwa Septemba. Mzazi mwenye nafasi ya kupanga safari yake aje kuitazama nyumba Aprili, mitaro ikiwa imejaa, na ahamie mwanzoni mwa Julai, ili mtoto apate miezi miwili mikavu ya kuwazoea watu na njia za mtaa wake kabla ya kengele ya kwanza.